Mwaka wa Kwodi Nyekundu ya Galu

Vijana wangu mnaotengeneza pikipiki pale Ukunda, juzi mlinionyesha kwenye simu picha ya kwodi kuukuu aliyoinunua mmoja wenu, mkaniuliza, "Mzee, hii ni ya mwaka gani?" Nikawajibu sijui. Mkacheka. Nikasikia mmoja akisema Mzee Bakari naye sasa betri imekwisha.

Betri haijakwisha. Nilisema sijui kwa sababu sikujua, na picha haitoshi. Kuna siku niliutaja mwaka wa kwodi upesi upesi, mbele ya watu, nusura nimpoteze mtu. Tangu mlipocheka nimekuwa nikiifikiria siku ile, nikaona afadhali niwaandikieni. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe, ninyi mmesoma.

Kwanza kazi yenyewe. Kwodi ni pikipiki ya magurudumu manne manene, na nyie mnaijua. Lakini mwaka wa tisini na tatu, tisini na nne, hapa Diani ilikuwa kioja. Hoteli zilianza kuzileta ili wageni wachezee kwenye njia za mashambani nyuma ya Galu na Kinondo. Nyingi zilikuja zimeshatumika Ulaya, zimo kwenye kontena pamoja na majokofu na baiskeli za watoto. Hazikuwa na namba za barabarani wala kitabu cha usajili. Karatasi ikiwepo, ilikuwa stakabadhi ya mstari mmoja: kwodi, nyekundu, moja, ya mwaka fulani. Na ukikosea mwaka umekosea kila kitu, kwa sababu vipuri vyake tuliviagiza kupitia wageni waliokuwa wakirudi kila msimu. Ukimwambia Mjerumani akuletee pistoni za tisini na moja, naye akazibeba sandukuni mpaka hapa, kisha zisiingie, huwezi kumwambia arudi kesho na nyingine.

Aliyenifundisha injini ni Mzee Athumani wa Msambweni, fundi wa mashine za maboti. Mungu amrehemu, alikuwa na mikono ya ajabu na kiburi cha kutosha watu watatu. Kwodi ya kwanza ilipoletwa kwake, aliizunguka mara mbili, akaligonga tangi kwa ukucha, akasikiliza, akatangaza: "Themanini na tisa."

Mwenye hoteli akaandika. Mimi nikauliza, "Mzee, umejuaje?"

"Chuma husema."

"Kinasema kwa Kidigo au kwa Kijapani?"

Alinirushia kitambaa cha mafuta. Baadaye ikaja kujulikana ile ilikuwa ya tisini na mbili, naye akasema chuma kilimdanganya. Nataka niwe mwadilifu kwake: katika kukisia alipatia mara nyingi kuliko alivyokosa. Lakini alikuwa akikisia, nami nilichukua muda mrefu kulijua hilo, kwa sababu alikisia kwa sauti ya mtu aliyeona.

Jambo jingine nililolirithi kwake ni sifa. Mnaijua sifa, mafuta ya ini la papa yanayopakwa maboti. Hewa yetu ina chumvi, chuma hakidumu. Mzee Athumani akaniambia, kama sifa hulinda ubao baharini, italinda na chuma nchi kavu. Basi kila kwodi iliyopita mikononi mwangu niliipaka sifa chini yote, mabomba yote ya chesisi, kile kiunzi cha chuma kinachobeba injini. Wageni walishika pua. Mama mmoja wa Kiswisi aliuliza kama kuna samaki amefia ndani ya injini. Lakini chuma hakikuoza, na hilo ndilo nililolitaka. Sikufikiri kwamba sifa ikichanganyika na vumbi na mchanga na jua, baada ya miezi inakuwa ganda gumu kama gome, na kwamba chini ya ganda lile kuna namba ambazo siku moja mtu atazihitaji.

Sasa namna ya kuujua mwaka. Nilionyeshwa na muuza vipuri mmoja wa Mombasa aliyekuwa na buku nene la picha za mashine. Nilinakili kwenye daftari langu nimesimama pale kaunta. Kwenye chesisi, mara nyingi kwenye bomba la chini upande wa kushoto karibu na pa kukanyagia, au mbele chini ya taa, pamegongwa herufi na tarakimu kumi na saba. Hesabu kutoka kushoto. Ya kumi ndiyo mwaka. Themanini na saba ni H, themanini na nane ni J, maana I hairukwi kwa bahati mbaya, inaachwa makusudi, isifanane na moja. O, Q, U na Z nazo zinaachwa. Hivyo tisini na mbili ni N, tisini na tatu ni P, tisini na nne ni R, tisini na tano S, tisini na sita T, tisini na saba V. Lakini si viwanda vyote vilifuata utaratibu huu. Kabla hujaiamini herufi, tafuta kwodi nyingine ya kiwanda hicho hicho ambayo mwaka wake unajulikana bila shaka, uijaribu kwanza.

Kisha kuna alama ya plastiki. Ukiligeuza bodi au madigadi, vile vikinga matope juu ya magurudumu, ndani utaona duara dogo lenye tarakimu moja mpaka kumi na mbili, mshale katikati, na mwaka. Hiyo inakuambia plastiki ile ilimwagwa mwezi gani wa mwaka gani. Inakuambia habari za plastiki, basi. Namba ya injini vilevile inakuambia habari za injini. Vitu hivi huvuliwa na kuvalishwa. Chesisi haivuliwi.

Haya yote niliyajua mwaka wa tisini na nane. Nayaandika mjue kwamba sikuwa mjinga. Mjinga angekuwa na udhuru.

Hoteli yenyewe ilikuwa Galu, sitaitaja. Ilikuwa na kwodi mbili: nyekundu, iliyoletwa imetumika, stakabadhi ikisema ya tisini na nne, na ya buluu ya kiwanda hicho hicho, iliyonunuliwa mpya mwaka wa tisini na sita. Mtunzaji wake alikuwa Mutua, Mkamba, kijana mpole mwenye mabega mapana, aliyekuja kutafuta kazi akamleta mke na mtoto wakakaa kwenye vyumba vya wafanyakazi. Mwaka ule hoteli ilikuwa ikitengeneza kambi ya wageni upande wa Mackinnon Road, na ile nyekundu ilipelekwa huko miezi mitatu. Mutua alikwenda nayo, akarudi nayo.

Akaja meneja mpya, Bi Fatma, mwanamke wa Mombasa, mkali na msafi wa hesabu zake. Aliamua kuiuza ile nyekundu. Mnunuzi akaja, akainama, akasema, "Hii si ya tisini na nne, bibi. Hii ni nzee." Akaondoka. Bi Fatma akaniita.

Nilifika saa tano asubuhi. Wote wawili, yeye na Mutua, walikuwa wamesimama kando ya kwodi. Niliinamisha kichwa chini ya madigadi la nyuma, nikafuta kwa kidole, nikaliona duara. Themanini na saba. Nikatazama la mbele. Themanini na saba. Chesisi ilikuwa imefunikwa na ganda la sifa. Nikaona uvivu, nami sina jina jingine la kuupa.

"Bi Fatma," nikasema, "hii ni ya themanini na saba."

"Una hakika, fundi?"

"Imeandikwa."

Akamgeukia Mutua. "Yetu iko wapi?"

Mutua hakuelewa mwanzoni. Kisha akaelewa, nikamwona uso ukibadilika. "Madam, ni hii. Ile ilienda ndio imerudi."

"Ilikwenda ya tisini na nne. Imerudi ya themanini na saba."

"Fundi!" Mutua akanigeukia mimi. "Si wewe mwenyewe ulifunga hizi breki mwezi wa pili? Si unazijua? Ni hii hii!"

Nami nikajibu, Mungu anisamehe, "Breki hazina mwaka, Mutua."

Bi Fatma alimsimamisha kazi pale pale. Alimpa mpaka Jumatatu aseme kwodi ya hoteli ameiacha kwa nani, la sivyo yeye angepeleka habari polisi, na Mutua angekiacha chumba. Simlaumu Bi Fatma. Alimuuliza mtu aliyepaswa kujua, na mtu yule alimjibu kama anajua.

Na sijamaliza. Nilipitia kantini kunywa chai, wapishi wakaniuliza kuna nini, nikawaambia kila kitu. Nikaongeza na mzaha: "Mwenzenu amekwenda Mackinnon Road na ng'ombe wa maziwa, amerudi na mbuzi." Wakacheka. Kantini nzima ilicheka.

Nyumbani Kinondo, baada ya alasiri, nilimsimulia mke wangu, Mwanasiti, aliyekuwa akikuna nazi. Nilisimulia kwa mbwembwe. Yeye hakuacha kukuna.

"Kwa hiyo leo umekuwa kadhi."

"Nimesema nilichokiona."

"Umeona nini?"

"Alama ya plastiki."

"Nawe husema plastiki haina ushahidi. Umenichosha na maneno hayo miaka." Akakipindua kifuu. "Hebu niambie. Angekuwa ni Hamisi wa hapa jirani, mtoto wa bi Mwanajuma, ungelisema upesi hivyo?"

"Uhamisi na Umutua hauhusiki."

"Sikukuuliza kama unahusika. Nimekuuliza kama ungelisema."

Miaka ile watu wa bara na sisi tulikuwa tukitazamana kwa jicho la pembeni, mnawajua wazee wenu, waulizeni. Mimi nilijiona siko hivyo. Mpaka leo sijui. Nimejipima mara nyingi, na siku nyingine mizani inalala huku, siku nyingine kule. Ninachojua ni kwamba kwa Hamisi ningelibandua lile ganda.

Nina tabia ya kuandika kazi zangu kila siku, kwodi ipi, nimefanya nini. Nilikwenda kuzitoa daftari za nyuma, nikaketi barazani. Nilikuwa nikitafuta kazi ya breki ya mwezi wa pili, nijue kama niliandika lolote kuhusu chesisi. Sikuandika. Nikarudi nyuma zaidi. Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa nane, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe: *Kwodi nyekundu ya Galu. Mgeni ameigongesha mnazi. Bodi na madigadi yote manne yamepasuka. Nimeivalisha ya kwodi mbovu ya Shimoni, nayo ni nyekundu, imekaa vizuri sana.*

Imekaa vizuri sana. Nilisoma maneno hayo mara mbili. Nilikuwa nimeivalisha mimi kwodi ile nguo za marehemu mwingine, nikasahau, kisha nikaja kushuhudia kwamba si yenyewe kwa sababu ya nguo.

"Mwanasiti," nikaita, "ni mimi."

Alikuja akasimama mlangoni na mikono ya tui. "Basi nenda ukamwambie yule mama kesho."

"Bado haitoshi. Hili linaonyesha kwamba sikujua. Halionyeshi kwamba Mutua hakuibadilisha. Chesisi huenda ikawa ya tisini na nne, huenda isiwe."

"Na isipokuwa?"

"Isipokuwa, nitasema si yenyewe."

Alinitazama kidogo. "Haya. Lakini safari hii, tumia macho yako yote mawili."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilimwendea Bi Fatma nikamwonyesha daftari. Aliisoma mara mbili, akakunja midomo. Nikamwambia ninataka kubandua chesisi, na ninataka yeye na Mutua wawepo tangu mwanzo mpaka mwisho, mtu asije akasema fundi alijigongea namba zake. Mutua aliitwa. Alikuja na shati lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda mahakamani, akasimama mbali nami.

Sikilizeni namna ya kubandua, kwa maana wengi wenu mngechukua msasa au brashi ya waya mkafuta na herufi zenyewe. Namba zimegongwa, hazikuingia ndani sana. Chukua maji ya moto, utie majivu ya kuni, ulowanishe tambara, ulifunge pale, usubiri. Fungua, futa, funga tena. Ganda likilainika, tumia kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, usitumie chuma. Kisha mafuta ya taa na mswaki wa meno. Nilianza saa mbili. Saa nne nilikuwa bado ninatoa uchafu uliokuwa unanuka papa, Bi Fatma amejifunika pua kwa mtandio.

"Nani alipaka uchafu huu?" akauliza.

"Mimi, bibi."

"Na bodi ulibadilisha wewe."

"Mimi."

"Mbona naona kama mshtakiwa ni wewe?"

Mutua aliangua kicheko kifupi, kisha akakimeza. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu jana yake.

Chuma kilipotokea, kwanza nililitazama bomba lenyewe: hakuna alama ya kusagwa, hakuna kiraka cha kuchomelewa. Nikasema kwa sauti. Kisha nikawaomba tuanze na ile ya buluu, ambayo hoteli iliinunua mpya na mwaka wake haubishaniwi. Hiyo haikuwa na ganda kubwa. Nilihesabu, ya kumi ikawa T. Nikamwonyesha Bi Fatma kwenye daftari: T, tisini na sita. Akaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo kiwanda kile kilifuata utaratibu.

Tukarudi kwenye nyekundu. Kutu ilikuwa imekula kidogo, herufi hazikusomeka kwa macho. Niliweka karatasi nyembamba juu yake, nikasugua kwa penseli iliyolazwa, taratibu. Zikaanza kutokea nyeupe kwenye weusi. Moja, mbili, tatu. Mutua alikuwa amesogea bila kujua, pumzi yake ikinipiga shingoni. Saba, nane, tisa.

Kwenye ya kumi ukatokea kwanza mguu wa kushoto, umesimama wima. H nayo ina mguu wa kushoto uliosimama wima. Nawaambia kweli, pale sikuwa ninamwombea Mutua. Nilikuwa ninajiambia, lolote litakalotokea, Bakari, utalitamka kama lilivyo. Nikasugua tena. Kikatokea kichwa cha mviringo upande wa juu.

"Ni R?" Bi Fatma akauliza.

"Bado. P nayo ina kichwa. P ni tisini na tatu."

"Acha ubishi, fundi, tisini na tatu au nne..."

"Stakabadhi inasema nne. Ngoja."

Nikaimwagilia tone la mafuta ya taa, nikapitisha mswaki, nikasugua karatasi mpya. Mguu wa pili ukashuka kwa mshazari, umefifia, lakini upo. Nilimpa Bi Fatma karatasi. Akampa Mutua.

"Ni R," akasema Mutua. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni R," nikasema. "Tisini na nne. Kwodi ni ile ile."

Bi Fatma akasema, "Mutua, samahani. Jumatatu uingie kazini kama kawaida."

Mutua hakushukuru. Aliikunja ile karatasi akaitia mfuko wa shati. "Asante, madam. Lakini hii mambo haijaisha."

"Imebaki nini?"

"Huyu mzee alinitangaza kantini. Bibi yangu ameambiwa akichota maji, ati mume wako ni mwizi wa mbuzi. Atoe hayo maneno kule aliyaweka."

Bi Fatma akanitazama. Sikungoja aniamuru. Ilikuwa karibu saa saba, wafanyakazi wakiingia kula. Nilitembea mpaka kantini na mikono yangu inanuka sifa, nikasimama karibu na sufuria ya maharage. Mimi si mtu wa hotuba.

Nikasema, "Jamani, assalamu alaikum. Jana niliwaambia Mutua amebadilisha kwodi. Hakubadilisha. Bodi nilibadilisha mimi, nikasahau. Chesisi sikuiangalia kwa sababu ya uvivu wangu. Mzaha wa mbuzi ulikuwa wangu pia, nauondoa. Aliyempelekea mkewe maneno, naye akayaondoe."

Hakuna aliyecheka. Mpishi mmoja alisema, "Sawa, fundi." Watu wakarudi kwenye sahani zao. Ukiharibu jina la mtu, watu wanakusikiliza kwa masikio mawili; ukilirudisha, wanaendelea kula. Kwa hiyo nilirudi Jumatatu, nikayasema tena kwa zamu ya jioni, na Jumanne kwa askari wa getini ambao hawakuwapo.

Mutua alinijibu salamu, basi. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumuuliza, haikuwa haki yangu kuuliza.

Wiki iliyofuata aliisukuma ile ya buluu mpaka banda langu. Mnyororo ulikuwa umelegea, kazi ya dakika kumi. Nikachukua spana nikachuchumaa. Akaweka kiatu chake mbele ya spana.

"Kwanza soma."

"Nisome nini? Ni mnyororo huu."

"Soma chesisi. Kwa sauti."

"Mutua, hii tumeisoma juzi. Unaijua, ninaijua."

"Juzi pia ulikuwa unaijua ile nyekundu."

Nikalala chali kwenye mchanga, nikaingiza kichwa chini ya bomba la kushoto. Nilizisoma moja moja, naye akizihesabu kwa vidole. Nilipofika ya kumi akanisimamisha.

"Hapo rudia."

"T."

"Ya mwaka gani?"

"Tisini na sita."

"Una hakika, fundi?"

Nikaipitisha ncha ya kidole juu ya chuma mara nyingine, polepole, kutoka juu mpaka chini, ndipo nikamjibu.